Ile ajali ya kwenye My Sister's Keeper, mi naona mwandishi alikimbia

Onyo kwanza. Humu nitaanika mwisho wote bila huruma, kwa hiyo kama hujaisoma My Sister's Keeper ya Jodi Picoult na una mpango wa kuisoma basi ishia hapa, urudi ukimaliza. Ni riwaya ya 2004, miaka imeshakwenda, lakini mpaka leo mtu akisema anatafuta kitabu kuhusu familia yenye mtoto mgonjwa wa kufa, hiki ndo cha kwanza kutajwa, na anaambiwa ajiandae kulia. Na kweli watu wanalia. Mi sina ugomvi na machozi ya mtu, na mimi yalinitoka sehemu mbili tatu, ugomvi wangu ni na zile kurasa za mwisho, pale mwandishi alipoona jibu la swali lake mwenyewe linakuja mbele yake akatimua mbio.

Kisa kwa kifupi. Familia ya Fitzgerald, jimbo la Rhode Island kule Marekani. Binti yao Kate anagundulika na saratani ya damu akiwa na miaka 2. Kaka yake Jesse anapimwa, haendani naye. Basi wazazi wanaenda maabara, viinitete vinapimwa, kinachaguliwa kile kinachoendana na Kate, na hivyo ndivyo anavyozaliwa Anna. Siku anazaliwa tu damu ya kitovu inakwenda kwa dada. Alafu ugonjwa unarudi, zinachukuliwa seli nyeupe, unarudi tena, unachukuliwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, yaani kila Kate akilazwa na Anna naye yuko pale pale anachomwa sindano. Sasa Anna ana miaka 13, Kate ana 16, figo za Kate zimegoma na kinachotakiwa safari hii ni figo ya Anna. Anna anauza kidani chake, anaenda kwa wakili anaitwa Campbell Alexander, anamwambia nataka kuwashtaki wazazi wangu niwe na haki ya kuamua kuhusu mwili wangu. Na mama yake, Sara, zamani alikuwa mwanasheria, kwa hiyo ndo anasimama mahakamani kujitetea dhidi ya mwanawe wa kumzaa.

Hapo kwenye ugonjwa niseme jambo moja maana kuna wazazi wanaosoma hiki kitabu wakiwa kwenye hali hiyo hiyo. Kate ana lukemia ya promielositi, aina moja kali ya hiyo saratani ya damu. Zamani ilikuwa inaua haraka mno, mgonjwa anavuja damu ndani kabla hata matibabu hayajashika. Ila miaka ya 80 madaktari wa Shanghai wakaanza kuitibu kwa dawa ya jamii ya vitamini A, baadaye ikaongezwa aseniki, ndiyo, ile sumu, na leo hii ni kati ya lukemia zinazopona vizuri kuliko karibu zote, zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wanapona. Kate anagundulika 1990, wakati hayo mambo bado machanga, kwa hiyo simshiki sana mwandishi, lakini usichukue maisha ya Kate ukayafanya utabiri wa mtoto aliyeambiwa ana ugonjwa huo mwaka huu. Tuendelee.

Swali linalokiuza kitabu ni lile la mahakamani, je mzazi anaweza kumlazimisha mtoto mmoja atoe kiungo kumwokoa mwingine? Ukweli ni kwamba mahakama za Marekani zilishaanza kulijibu kitambo sana. Mwaka 1978 huko Pennsylvania, kesi ya McFall na Shimp, mtu mmoja alikuwa anakufa kwa uboho kushindwa kutengeneza damu, binamu yake akapimwa akaonekana anaendana, binamu akakataa. Mgonjwa akaenda mahakamani kuomba alazimishwe. Jaji akasema kukataa huko ni aibu kimaadili, lakini sheria haiwezi kuingiza sindano kwenye mwili wa mtu asiyetaka, akaitupa. Mgonjwa akafariki wiki chache baadaye. Mwaka 1990, Mahakama ya Juu ya Illinois ikamkatalia baba mmoja kuwapeleka mapacha wake wa miaka mitatu na nusu kupimwa uboho kwa ajili ya kaka yao wa baba mmoja aliyekuwa na lukemia, kwa kuwa mama yao aliyekuwa anawalea hakutaka na hao watoto hata hawakuwa na ukaribu na huyo kaka. Upande wa pili ipo kesi ya Kentucky, 1969, ambapo mahakama ilikubali figo itolewe kwa kijana mwenye ulemavu wa akili apewe kaka yake, hoja ikiwa kwamba kumpoteza huyo kaka kungemuumiza huyo kijana kuliko kupoteza figo.

Hiyo hoja ya Kentucky ndo hoja ya Sara neno kwa neno. Anna anampenda Kate, Kate akifa Anna ataumia, kwa hiyo kumsaidia Kate ni kumsaidia Anna. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini kabisa. Ukiisikia mara ya tano unaanza kujiuliza, sasa hiyo hesabu kuna siku ingeweza kutoka na jibu la hapana? Maana kama upendo wa mtoto ndo kibali, basi kadiri anavyopenda zaidi ndivyo anavyoweza kuchukuliwa zaidi, na yule asiyejali ndugu yake ndo analindwa.

Lakini mi nakwambia mahakama sio moyo wa hiki kitabu. Mahakama ni jukwaa tu, na Picoult anajua kulipamba, kuna wakili mwenye mbwa anayedanganya kila mtu kuhusu kazi ya huyo mbwa, kuna mapenzi ya zamani kati ya wakili na mwanamke aliyeteuliwa kutetea maslahi ya mtoto, sehemu hizo nilizisoma mbio mbio sitadanganya. Moyo uko nyumbani. Na nyumbani ndiko alikofanya kitu kizuri ambacho sijaona watu wakikisema vya kutosha, nacho ni hiki, hakuna siku hata moja ambayo familia ile ilikaa chini ikaamua kumfanya Anna spea.

Angalia inavyokwenda. Damu ya kitovu ni kitu ambacho hospitali nyingi kinatupwa. Haimuumi mtoto, haimpunguzii chochote. Mwaka 2000 huko Marekani alizaliwa mtoto wa kwanza kujulikana duniani kwamba alichaguliwa akiwa kiinitete ili aendane na dada yake aliyekuwa na ugonjwa wa Fanconi, ule wa kurithi unaofanya uboho ushindwe kutengeneza damu, wakachukua damu ya kitovu tu, dada akapandikiziwa, ikafanya kazi. Ukiniuliza kama wale wazazi walikosea nitakwambia hapana, wala sitafikiria mara mbili. Sasa kwenye riwaya ni hivyo hivyo mwanzoni. Alafu ugonjwa unarudi na daktari anasema tunahitaji seli kidogo, ni sindano tu, mtoto atasahau kesho. Nani angekataa? Baadaye tena, ni uboho, atalala usingizi wa dawa, atakuwa na maumivu siku chache. Umeshatoa zile za kwanza, utakataa hizi? Kila hatua ukiisimamisha peke yake inatetewa, na kila hatua inafanya inayofuata ionekane ndogo, mpaka siku unakuta unajadili figo mezani kama unajadili nani atamchukua mtoto shule na aliyekaa pembeni ana miaka 13 na hakuna aliyemgeukia kumuuliza. Hapo Picoult alinipata kabisa. Angeweza kutuandikia mama katili na tungemchukia tukalala vizuri.

Ndo maana nashangaa wasomaji wanavyomchukia Sara. Nimeona watu wanamwita shetani. Jamani. Huyu mama ana mtoto anayekufa mbele yake, na mtoto anayekufa ana kelele kuliko watoto wazima, sio kelele za mdomo, ni zile za homa saa nane usiku, majibu ya damu, chembe zimeshuka, mtaalamu gani apigiwe, bima imekataa. Macho ya Sara yako pale kwa miaka 14. Amejifunza maneno ya kidaktari mpaka anawasahihisha madaktari. Anajua idadi ya chembe za Kate asubuhi ile ila hajui mwanawe wa kiume yuko wapi. Hilo ni kosa, sikatai, na kitabu kinaonyesha ni kosa, ila ni kosa la mtu ambaye amefanya jambo moja kwa nguvu zake zote na likamla, na ukweli mchungu ni kwamba kila mfumo unaomzunguka unampigia makofi. Hakuna anayemsifu mama kwa kukumbuka mechi ya mtoto mzima. Wanamsifu kwa kupigana.

Jesse sasa. Jesse amegeuka mchoma majengo, na baba yake Brian ni zimamoto. Baba anazima mwana anawasha, hapo mkono wa mwandishi unaonekana mpaka kwenye kiwiko, na mi huwa sipendi. Ila ukivumilia huo ujanja, Jesse ni ukweli mtupu. Ni mtoto aliyepimwa akaambiwa haendani, na nyumba ikamwelewa hivyo hivyo kwamba huyu hafai kwa kazi iliyopo. Anna angalau anahitajika. Jesse hata hilo hana. Ndugu wazima wa watoto wagonjwa wanajifunza mapema sana kwamba shida zao hazifikii kiwango, utalalamikaje meno yanakuuma wakati mwenzako anatapika dawa, kwa hiyo wanakaa kimya na watu wazima wanausifia huo ukimya, wanasema mtoto huyu anajitambua, hana usumbufu. Wengine wanakuwa watu wazima hawajui kuomba kitu. Jesse yeye alichagua kuwasha moto, na hata moto wenyewe ilichukua muda baba ajue ni wake.

Haya, tufike kwa Kate, maana hapa ndipo ninapotaka kusimama.

Riwaya imegawanywa kwa wasimulizi. Anna anasema, Sara anasema, Brian, Jesse, Campbell, hata Julia yule mtetezi wa mtoto ana sura zake. Ukiacha ule utangulizi mfupi usiotajwa msemaji, Kate hana sura mpaka hitimisho. Kitabu kizima kinamzunguka, kila mtu anamwelezea, tunajua rangi ya matapishi yake, hatumsikii. Mwanzo nilidhani ni udhaifu. Alafu inafika mahakamani, Anna yuko kizimbani anabanwa, na ukweli unatoka kwamba kesi yote hii ilianza kwa sababu Kate mwenyewe alimwomba Anna asitoe figo. Kate amechoka. Kate anataka kufa na hakuna mtu ndani ya nyumba ile anayeweza kuambiwa hivyo isipokuwa mdogo wake. Kila aliyesimulia mpaka hapo alikuwa anamzungumzia Kate na hakuna aliyemuuliza, na sisi wasomaji tumefanya hivyo hivyo kwa mamia ya kurasa, tumekaa tunabishana figo itoke au isitoke bila kujiuliza mwenye kupewa anaitaka? Hilo ni pigo safi sana la uandishi.

Na sio la kubuni tu. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alitoa kitabu 1978 baada ya kukaa wodini na watoto wenye lukemia huko Marekani, enzi ambazo watoto hawakuwa wanaambiwa. Alichokikuta ni kwamba wadogo hao walikuwa wanajua wanakufa, wanajua kwa kuona nani amehamishwa chumba, dawa gani imeisha, mama amerudi na macho mekundu, walikuwa wanajua na wanaficha kwamba wanajua, kwa sababu wameshaona mzazi hawezi kukaa chumbani kama hilo jambo likisemwa. Mtoto anamlinda mzazi. Wote wawili wanaigiza, na kila mmoja anajua mwenzake anaigiza. Kate ana miaka 16, sio mdogo kama wale, lakini ni jambo lile lile, ameshaona mama yake hana mahali pa kuweka sentensi hiyo, kwa hiyo anaipitisha kwa mdogo wake na mdogo wake anaipitisha kwa wakili. Yaani njia ya kumfikishia mama ujumbe imebidi ipite kwa jaji.

Sasa hapo mwandishi ameshajenga kila kitu. Siri imetoka. Sara amesikia. Jaji anampa Anna haki yake, na Campbell anapewa mamlaka ya kumsaidia kwenye maamuzi ya matibabu. Nikasema enhe, sasa ndo tunaanza, sasa Anna huru, atoe au asitoe? Akitoa atakuwa amevunja ombi la Kate, asipotoa dada anakufa na yeye ndo aliyekuwa na figo. Na Sara atamwangaliaje Kate?

Gari linagongwa. Anna na Campbell wako njiani kwenda hospitali, ajali, ubongo wa Anna umekufa, Campbell kwa mamlaka yale yale aliyopewa dakika chache kabla anaruhusu figo itolewe, Kate anapandikiziwa, Kate anaishi. Miaka inapita, Jesse amekuwa polisi, Kate anafundisha kudansi. Mwisho.

Wanaoutetea mwisho huu wana hoja na nimezisikia. Wanasema maisha ndivyo yalivyo, unaangalia kifo mlango wa mbele kinaingilia wa nyuma. Wanasema mbegu zilipandwa, jaji mwenyewe alishampoteza binti kwenye ajali ya gari. Wanasema pia sio mwisho wa furaha maana Kate anabaki na majonzi na maswali. Yote kweli. Na watoto wazima hufa, hilo kila mzazi aliyemkazia macho mmoja analijua na linamtisha. Ila kwenye riwaya bahati mbaya sio bahati, kuna mtu amekaa ameichagua, na lazima tuangalie imemfaa nani. Hii ajali imemwondolea Anna uamuzi alioupigania kitabu kizima, amepata haki ya mwili wake kwa muda wa safari moja ya gari. Imemwondolea Sara ile aibu ya kumsikiliza Kate. Na zaidi ya yote, imempa Kate figo ambayo alishasema haitaki. Hapo ndo hasira yangu ilipo na sioni watu wakiisema. Tunalia kwa ajili ya Anna, sawa, lakini binti wa miaka 16 alisema imetosha, kitabu kikatumia hilo kama mshtuko wa mahakamani, alafu kikamtibu bila kumuuliza. Kimemfanyia kile kile ambacho mama yake alikuwa anamfanyia. Na kwa kuwa alipona, tunapewa hisia kwamba mama alikuwa sahihi siku zote, dunia ilihitaji kiungo kimoja tu zaidi.

Utasema labda Kate alikuwa anasema vile kwa kuchoka, angebadilika. Inawezekana kabisa! Watoto wagonjwa hubadilika, leo basi, kesho nataka nione harusi ya fulani. Ndo ningependa kuiona hiyo, Kate anabadilika au habadiliki mbele yetu, kwa mdomo wake.

Filamu ya 2009 ya Nick Cassavetes iligeuza mwisho, Anna anabaki, Kate anafariki, na waliopenda kitabu walikasirika sana. Kama filamu, ina mapungufu yake, Jesse wamempunguza mpaka amekuwa kivuli na muziki unakusukuma ulie hata pale ulipokuwa unalia tayari. Lakini kwa Kate filamu ina heshima zaidi. Kate anasema na anasikilizwa, kuna muda na mama yake kitandani, na anakufa kifo chake mwenyewe. Watu wanasema Hollywood walilainisha, mi naona kinyume. Kumuua mtoto mgonjwa kwa ugonjwa wake ndo kugumu, maana hakuna wa kumlaumu, hakuna dereva, ni mama tu na yale ambayo hakuyasema kwa wakati.

Mwaka ule ule wa 2004 kitabu kilipotoka, jarida moja kubwa la tiba lilichapisha utafiti wa Uswidi kuhusu wazazi waliopoteza watoto kwa saratani. Waliulizwa kama walizungumza na mtoto kuhusu kifo. Kati ya wazazi 429 waliojibu swali hilo, 147 walizungumza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejuta. Wale ambao hawakuzungumza, asilimia 27 walijuta. Sisemi takwimu ziandike riwaya, na pia kumbuka wengi ambao hawakuzungumza hawakujuta vilevile, kila nyumba na mtoto wake. Nasema tu kwamba hayo mazungumzo yapo, watu wa kawaida wanayafanya wakiwa wamechanganyikiwa na hawajui waanzie wapi, na yana drama ya kutosha kuliko ajali yoyote.

Na Picoult alikuwa na kila anachohitaji kuyaandika. Alikuwa na Sara ambaye ameshasikia kwa masikio yake, mbele ya jaji, kwamba binti yake amechoka. Alikuwa na Anna mzima, ana karatasi ya mahakama, anarudi kuishi nyumba ile ile na watu aliowashtaki. Alikuwa na Kate kitandani hana kesi ya kujifichia tena. Badala ya kuwaweka watatu hao chumba kimoja akaleta gari la wagonjwa, na Sara akarudi kwenye kazi anayoiweza kuliko wote, kusimama koridoni anamsubiri daktari.